Ndevu za Njáll

Ugomvi ulianzia mezani, juu ya nani akae wapi. Nyumbani kwa Njáll, kusini mwa Aislandi, kulikuwa na karamu ya majira ya baridi. Miongoni mwa wageni alikuwa Gunnar wa Hlíðarendi, shujaa na rafiki wa chanda na pete wa mwenye nyumba, pamoja na mke aliyemwoa karibuni, Hallgerður. Bergþóra, mke wa Njáll, akamtaka Hallgerður asogee ili ampishe mkaza mwana wake. Hallgerður akakataa katakata: yeye si ajuza wa kusukumwa pembeni. Neno likazaa neno. Mgeni akasema wenyeji wake wamefaana sana, mke ana kucha zilizopinda na mume kidevu kitupu. Mwenyeji akamrudishia kwamba mume wa kwanza wa Hallgerður hakuwa na kidevu kitupu, na bado aliuawa kwa hila za mkewe.

Hallgerður akamgeukia Gunnar amlipizie. Gunnar akaruka meza, akasema anakwenda zake nyumbani; kama mkewe anataka kugombana, akagombane na watumishi wake mwenyewe, si katika nyumba ya watu. Aliona ni maneno ya wanawake tu, yatapita kama upepo.

Kisa hiki kimo katika saga, yaani simulizi ndefu, ya Njáll, iliyoandikwa yapata mwaka 1280 na mtu ambaye jina lake halijulikani, juu ya mambo yaliyodaiwa kutokea karibu na mwaka 1000. Wengi hukisoma kama hadithi ya mapigano, na kwa kweli shoka haziachi kufanya kazi humo ndani. Mimi nakisoma kama hadithi ya tusi moja, lile la ndevu, lililotoka kwenye meza ile likasafiri miaka mingi hadi likaiteketeza nyumba. Njáll hakuota ndevu. Hilo peke yake ndilo kosa lake. Kwa mengine yote alikuwa mwanasheria ambaye nchi nzima ilimwendea kwa ushauri, na alikuwa na kipawa cha kuona mambo kabla hayajafika.

Inafaa kuielewa nchi yenyewe. Aislandi ya wakati huo haikuwa na mfalme, wala jeshi, wala polisi. Tangu mwaka 930 watu walikutana kila kiangazi kwenye baraza la Alþingi, uwandani Þingvellir, wakasikiliza sheria na kukata kesi. Lakini hukumu ikishatoka, kuitekeleza ilikuwa kazi ya aliyeshinda. Kwa hiyo ndugu wa aliyeuawa walikuwa na njia mbili: kuchukua fedha au kuchukua roho. Msomaji wa pwani anayeijua dia ya sheria ya Kiislamu hatapata taabu kuelewa. Kila mtu alikuwa na thamani yake kwa wakia, na wazee wenye busara walijitahidi mizani ipimwe kabla panga hazijachomolewa.

Basi kiangazi kilichofuata karamu ile, waume wakiwa barazani, Hallgerður akamtuma mtu wake akamuua mtumishi wa Bergþóra aliyekuwa akichanja kuni msituni. Gunnar akamlipa rafiki yake wakia 12. Njáll akazipokea, na mwaka wa pili, alipokuwa akifunga safari ya baraza, akaubeba mfuko uleule. Wanawe walipomuuliza ni fedha gani hiyo, akasema ni ile aliyopewa na Gunnar mwaka jana, huenda ikahitajika. Ikahitajika kweli. Bergþóra naye alikuwa amemtuma mtu wake amuue yule muuaji, na Gunnar alipohesabiwa wakia zake 12 akazitambua.

Mtunzi bila shaka alikuwa anatabasamu alipoandika hapo, na nasi tunatabasamu, kisha tunaona haya. Maana watu wanazidi kufa, na bei inapanda. Anayefuata ana thamani ya wakia 100. Zinatolewa, na mwakani zinarudi kwa ajili ya mwingine. Halafu anauawa mlezi wa watoto wa Njáll, mtu waliyempenda kama mzazi, na Gunnar analipa 200. Marafiki hawa wawili hawakosani hata siku moja. Kila mmoja anamwachia mwenzake apange kiasi anachoona kinafaa. Ukitaka mfano wa uungwana kati ya wanaume wawili ambao nyumba zao zinachinjana, huo hapo.

Na hapo ndipo penye mtego. Fedha ililipa kila kilichokuwa na bei. Ndevu hazikuwa na bei.

Siku moja wanawake ombaomba walipita Hlíðarendi wakitokea kwa Njáll. Hallgerður akawauliza habari za huko. Wakasema wamewaacha watumishi wakisambaza samadi shambani. Akacheka: kwa nini basi Njáll asijipake na yeye kidevuni, apate ndevu kama wanaume wengine? Tangu leo, akasema, yeye tumwite kidevu kitupu, na wanawe tuwaite wenye ndevu za samadi. Akamwomba Sigmundur, jamaa wa Gunnar aliyekuwapo na aliyeshiriki kumuua yule mlezi, aitungie habari hiyo mashairi. Akatunga, watu wakacheka. Gunnar akaingia ghafla, akasikia, akakasirika, akakataza maneno hayo yasitoke nje. Ombaomba nao wakanong'onezana kwamba Bergþóra atawapa zawadi wakimpelekea habari. Wakaenda moja kwa moja.

Vijembe vinataka hadhira, na hadhira haikosekani. Jioni ile Bergþóra akawaambia wanawe mezani kwamba wamepewa zawadi, wao na baba yao, na kwamba hawatakuwa wanaume wakikaa nayo bila kuilipa. Mkubwa wao, Skarphéðinn, akatabasamu na kusema wao si wanawake hata wakasirikie kila kitu; lakini jasho lilimtoka katika paji la uso. Usiku ule Njáll alisikia shoka zikishushwa ukutani. Asubuhi Sigmundur alikuwa maiti. Njáll baadaye akalipa wakia 200, na daftari likasawazika tena, 12 kwa 12, 100 kwa 100, 200 kwa 200. Kihesabu hakuna aliyekuwa akimdai mwenzake.

Gunnar mwenyewe alikufa baadaye kwa ugomvi mwingine, uliotokana na chakula cha wizi ambacho mkewe aliagiza kiibwe na kofi alilompiga kwa ajili hiyo. Sitakaa hapo sana. Adui walipomzunguka na upote wa upinde wake ukakatwa, alimwomba Hallgerður vishungi viwili vya nywele zake ili usokotwe upote mpya. Mkewe akamkumbusha lile kofi, akakataa.

Kifo chake hakikulizika tusi. Miaka ilipita, wana wa Njáll wakaenda kudai haki yao kwa Þráinn, mtu aliyewatia matatani huko Norwei, na nani alikuwa amesimama mlangoni kwa Þráinn kama si Hallgerður. Akawapokea kwa jina lilelile, wenye ndevu za samadi, na wote waliokuwapo wakaitikia isipokuwa mwenye nyumba. Þráinn hakutukana, lakini ndiye aliyekufa, kwa shoka la Skarphéðinn, juu ya barafu ya mto Markarfljót.

Safari hii Njáll alifanya zaidi ya kulipa. Alimchukua Höskuldur, mtoto wa marehemu, akamlea nyumbani mwake katikati ya waliomuua baba yake. Akampenda kuliko wanawe. Akamtafutia mke wa ukoo mkubwa, Hildigunnur, na binti huyo alipokataa kuolewa na asiye kiongozi, Njáll akashawishi baraza zima libadili mpangilio wa mahakama na viongozi ili kijana apate cheo. Ukipima juhudi za kibinadamu za kuzima kisasi, sijui kama kuna iliyopita hii. Ikavunjwa na mfitini mmoja, Mörður, aliyekuwa akipita huku na huku akiwaambia wana wa Njáll kwamba Höskuldur anawawinda. Wakamwamini. Wakamvizia asubuhi moja akipanda nafaka shambani mwake, wakamuua, naye akafa akiwaombea msamaha kwa Mungu.

Mjane aliifuta damu yote kwa joho la mumewe, akalikunja, akaliweka sandukuni. Ami yake Flosi, aliyekuwa amemzawadia Höskuldur joho hilo, alipofika akala na kumaliza, Hildigunnur akamtupia mabegani, na damu iliyokauka ikamporomokea. Akamwambia ama alipize kisasi, ama awe kitu cha kudharauliwa na kila mtu. Uso wa Flosi ukabadilika rangi mara tatu.

Hata hivyo alikwenda barazani, na barazani nusura amani ipatikane. Wapatanishi walitoza dia mara tatu ya kawaida, wakia 600, zilipwe palepale, na nusu wakajitolea kulipa wao wenyewe. Fedha ikarundikwa hadharani. Njáll, kwa wema, akaongeza juu yake vazi la hariri, bila kusema ni lake. Flosi akalinyanyua, akauliza nani amelitoa. Kimya. Akauliza tena. Hakuna aliyejibu. Akasema basi atakuwa yule kidevu kitupu, ambaye kwa kumtazama huwezi kujua kama ni mume au mke. Skarphéðinn akamtupia suruali, akidai huyo ndiye anayeihitaji zaidi, kwa tusi ambalo hata leo gazeti halitalichapa. Flosi akalipiga teke rundo la fedha na kuapa kwamba hatachukua hata wakia moja.

Yapata mwaka 1010 alikuja na watu wapatao mia, wakaichoma nyumba ya Njáll. Wanawake na watoto waliruhusiwa kutoka. Njáll pia aliambiwa atoke. Akakataa, akisema yeye ni mzee, hawezi tena kuwalipizia wanawe, na hataki kuishi na aibu. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuwashawishi wengine wameze aibu ili waishi, alipofikiwa na yake hakuweza kuimeza. Bergþóra akalala kando yake, na mjukuu wao mdogo akakataa kuachana na bibi yake.

Kuna wanaosema funzo la saga ni kujihadhari na ulimi wa mwanamke, kwa kuwa Hallgerður, Bergþóra na Hildigunnur ndio wachochezi. Sikubaliani nao. Mwanamke katika Aislandi ile hakuwa na kiti barazani na hakushika silaha; mahali pake pa kuingilia siasa za ukoo palikuwa mezani na mlangoni. Na anayemfanya Flosi apige teke dia ni mwanamume, Skarphéðinn, na tusi la ndevu lilitungiwa mashairi na mwanamume. Tena maneno yao yasingeua mtu kama pasingekuwa na jamii nzima nyuma yao iliyokubali kucheka.

Hilo waliokaa milimani kaskazini mwa Albania walilijua vizuri. Kanun, sheria yao ya mila inayohusishwa na Lekë Dukagjini, iliyochapishwa kitabuni mwaka 1933 kutokana na kazi ya padri Shtjefën Gjeçovi, inataja aibu ya namna hiyo: mtu ambaye hajalipiza damu inayompasa, akiwa mgeni mahali, kinywaji chake hupitishwa chini ya goti. Hakuna anayemgusa wala kumfukuza. Anapewa kikombe kwa namna hiyo mbele ya watu, kila mahali aendapo, mpaka aue. Ismail Kadare aliigeuza hali hiyo kuwa riwaya mwaka 1980, na kijana anayeua ndani yake hana chuki yoyote na anayemuua.

Barazani Aislandi, baada ya moto, kesi iliharibika kwa hila za kisheria na watu wakapigana papo hapo. Mwana wa Hallur wa Síða, mwenzake Flosi, akauawa. Siku ya pili Hallur akasimama mbele ya wote akasema hatadai chochote kwa ajili ya mwanawe, ilimradi watu wapatane. Umati ukamsifu, kisha wakachanga wenyewe wakampa dia mara nne. Kári, mkwe wa Njáll aliyenusurika na moto, hakuridhia. Aliwinda wachomaji kwa miaka, hadi chombo chake kilipovunjika karibu na kwa Flosi, akaenda kubisha hodi katika dhoruba. Flosi akambusu. Kári akamwoa Hildigunnur.

Waalbania wa Kosovo walifanya jambo kama la Hallur mwaka 1990, kwa kiwango ambacho saga isingeweza kukiota. Wanafunzi vijana pamoja na Anton Çetta, mwanachuoni wa fasihi simulizi aliyekuwa na miaka 70 hivi, waliingia nyumba kwa nyumba katika familia zenye damu ya kudai. Hawakubeba fedha. Waliomba msamaha utolewe kwa jina la watu, la vijana na la bendera, wakati serikali ya Yugoslavia ikiwabana wote bila kujali nani anamdai nani. Wapo waliokataa, wakarudiwa tena na tena. Tarehe 1 Mei 1990, bondeni Verrat e Llukës karibu na Deçan, umati wa maelfu kwa maelfu ulikusanyika, na wenye damu wakapanda jukwaani mmoja mmoja, wakitaja ndugu aliyeuawa na kusema wamesamehe, mbele ya majirani walewale ambao wangewapitishia kikombe chini ya goti. Majirani wakashangilia. Visasi vilivyofungwa katika harakati hiyo vinakadiriwa kufika elfu moja. Serikali ilipopiga marufuku mikutano mikubwa baadaye mwaka huohuo, kazi ikahamia majumbani.