Je, Yafaa Kupenda Uzuri wa Silaha?

Mtu mmoja awekwe kuwa mfano. Anakaa Nagoya, mji mkubwa wa Japani. Ni mtu mzima, ana kazi yake, ana mke na watoto. Si mlevi wala mgomvi. Chumbani mwake mna kabati la vioo, na ndani ya kabati zimepangwa ndege ndogo za kuchezea. Nyingi zingali katika masanduku yao ya karatasi, hazikufunguliwa hata mara moja, kwani wakusanyaji wa vitu hivyo hulipa fedha nyingi zaidi kwa kile kisichoguswa. Siku moja mtoto wake mdogo anasimama mbele ya kioo. Anaonyesha kwa kidole mkia wa ndege moja, uliochorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Anauliza: « Baba, fuvu hili ni la nani? » Baba anajibu: « Si la mtu, mwanangu. Ni alama tu. »

Jibu hili, je, latosha? Ndilo swali la fundisho hili. Wala si swali la Wajapani peke yao, maana hakuna kabila lisilopamba mkuki wake au ala ya kisu chake.

I. Kitu chenyewe

Kwanza yafaa kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Tangu Oktoba 1982 hata Juni 1983, televisheni ya Japani ilionyesha hadithi ya picha zilizochorwa, iitwayo Macross, katika sehemu 36. Kati ya watu waliobuni vyombo vya hadithi hiyo alikuwako Shoji Kawamori, kijana aliyezaliwa mwaka 1960. Alibuni ndege ya vita iitwayo VF-1 Valkyrie, nayo ina maumbo matatu. Mara ni ndege kamili; mara yateremsha miguu na kutoa mikono, ikawa nusu ndege na nusu mtu; mara yasimama wima kama askari wa chuma. Kampuni ya Takatoku Toys ikafanyiza Valkyrie ya kuchezea, kwa kipimo cha 1 kwa 55. Kampuni hiyo ilianguka mwaka 1984, na kampuni ya Bandai ikaifanyiza tena ndege ile ile baadaye.

Valkyrie haikuruka kamwe mbinguni. Hata hivyo wabunifu wake waliipa vipimo kana kwamba ipo kweli: urefu wake, wasema, ni meta 14.23. Ndiyo maana ile ya kuchezea yapata sentimeta 26, yaani yapita shubiri kidogo tu. Wakusanyaji hukaa usiku kucha wakibishana kama chombo cha namna hiyo kingeweza kuruka, na kwa sababu gani.

Lakini umbo lake halikutoka hewani. Lilifuata ndege ya kweli, F-14 Tomcat, iliyofanyizwa na kampuni ya Grumman ya Marekani na kuruka mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1970. Mabawa ya F-14 husogea: hufunguka ili ndege iruke polepole na kutua juu ya merikebu, hukunjwa nyuma ili iende mbio sana. Jeshi la majini la Marekani liliacha kuitumia mwaka 2006. Irani nayo ilinunua ndege hizo, ikazipeleka vitani ilipopigana na Iraki tangu 1980 hata 1988. Humo watu walikufa, na vifo vyao havikuchorwa kwa kalamu.

Fuvu nalo lina asili yake. Kikosi kimoja cha jeshi la majini la Marekani, VF-84, kiitwacho Jolly Rogers, kilichora fuvu na mifupa juu ya mikia ya F-14 zake. Alama hiyo ilitoka katika bendera ya maharamia wa bahari, waliotaka kila mtu ajue tangu mbali ya kwamba kifo chamjia. Basi baba alisema kweli nusu. Ni alama, lakini hakuna alama isiyokuwa alama ya kitu.

II. Maneno ya wanaotetea

Wanaotetea wana maneno ya haki, na yafaa yasikilizwe.

Wasema kwanza: kitu cha kuchezea hakiui mtu. Mtoto anayekata bua akalishika kama bunduki si mwuaji, wala haelekei kuwa mwuaji. Jioni hulitupa bua na kwenda kula pamoja na yule aliyempiga risasi mara kumi.

Wasema tena: uzuri ni uzuri. Mtu aliyefikiri jinsi bawa litakavyokunjwa, au jinsi mguu utakavyotoka tumboni mwa ndege, amefanya kazi ya akili. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kustaajabia kazi ya akili si dhambi.

Mwishoni wasema: umbo ni jambo moja, matumizi ni jambo jingine. Mwenye busara apende umbo na kuchukia matumizi, yatosha.

Maneno mawili ya kwanza ni ya kweli. La tatu lapendeza masikio, lakini lahitaji kupimwa.

III. Umbo na matumizi

Mfano wa kulipima umo katika mji ule ule wa Nagoya. Huko mhandisi Jiro Horikoshi wa kampuni ya Mitsubishi alibuni ndege ya vita iitwayo Zero, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 1939. Ili kuifikisha kiwanjani, ilivutwa kwa magari ya ng'ombe mwendo wa zaidi ya kilomita 30: chombo kipya kabisa nyuma ya mnyama wa zamani kabisa. Watu waliipenda Zero kwa wepesi wake na mistari yake safi, na wengi wangali wakiipenda.

Lakini wepesi huo ulipatikanaje? Jeshi lilitaka ndege iende mbali sana na kugeuka upesi sana kuwashinda adui. Kwa hiyo kila uzito uliowezekana uliondolewa, na ndege za kwanza hazikuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani, wala matangi ya mafuta yaliyokingwa na moto. Zilipopigwa, ziliwaka. Tangu Oktoba 1944 Zero nyingi zilifungiwa bomu, na vijana wakaamriwa kuziangusha pamoja na miili yao juu ya merikebu za adui.

Basi hapa neno la tatu la watetezi lavunjika. Umbo la Zero halikuwa jambo moja na matumizi jambo jingine. Ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kwa sababu iliandaliwa kuua, na kwa sababu maisha ya rubani wake yalihesabiwa kuwa mepesi. Uzuri na mauaji vilitoka katika hesabu moja, juu ya karatasi moja. Vivyo hivyo mabawa ya F-14. Anayesema apenda umbo peke yake amelikata jani akasema hajui mti.

Je, ni lazima basi kuchukia umbo, kuvunja kabati na kuchoma masanduku? Hapana. Hayao Miyazaki, mtunga filamu mashuhuri wa Japani, tangu utoto alipenda kuchora ndege za vita. Baba yake alikuwa mkuu katika kiwanda cha jamaa yao kilichofanyiza vipande vya mikia ya Zero. Miyazaki huyo huyo amepinga vita waziwazi. Mwaka 2013 alitoa filamu juu ya maisha ya Horikoshi: akaonyesha ndoto ya ndege nzuri, akaonyesha pia mabaki ya ndege zilizovunjika. Hakuchagua nusu moja.

Ndivyo ilivyo. Anayependa umbo la silaha ana deni, na deni lenyewe ni kusema habari yote. Akilipa, upendo wake wamfundisha yeye na wale wanaomsikia. Asipolipa, amekuwa kama mtu anayesifu mkakasi asiuangalie ndani.

IV. Jibu la baba

Hadithi ya Macross yenyewe yasaidia hapa. Adui katika hadithi hiyo ni majitu waitwao Zentradi. Wao wajua vita tu. Hawana nyimbo, hawana watoto wanaocheza, wala hawajui kutengeneza chombo kilichoharibika. Wapelelezi wao watatu waingia kwa siri katika merikebu ya wanadamu, na kati ya vitu vinavyowashangaza ni mwanasesere wa mwanamke mwimbaji. Wamrudisha kwao, na tangu hapo mioyo ya askari yaanza kugeuka. Maana ya mfano huu ni wazi: kitu cha kuchezea chaweza kumtoa mtu vitani. Lakini lazima kishikwe mikononi, kionyeshwe, kisemewe.

Hapo ndipo kosa la yule baba wa Nagoya laonekana. Si kosa kwamba ana ndege. Wala hakuwanyima watoto chakula ili azinunue. Kosa lake ni kufunga mara mbili. Alifunga sanduku, na kitu kilichofanyizwa kwa ajili ya mikono ya mtoto hakikuguswa. Akafunga na neno, na swali la mtoto likarudi bila jibu. Kwa sanduku amelinda bei. Kwa neno amelinda raha yake. Na mtoto atakua akijua ya kwamba fuvu ni pambo.

Afanye nini basi? Afungue ndege moja, si lazima zote. Amkalishe mtoto karibu naye, amwonyeshe jinsi ndege inavyokuwa askari na askari anavyokuwa ndege, wacheke pamoja. Kisha mtoto akiuliza tena, amjibu hivi: « Fuvu hili, mwanangu, walilichora watu waliotaka kuogopwa. Ndege hii haikumwua mtu, kwa sababu ni hadithi. Lakini iliigwa kwa ndege iliyoua, na waliokufa walikuwa na watoto kama wewe. »

Pengine mtoto atanyamaza kidogo. Pengine ataiweka ndege chini, pengine ataendelea kucheza. Lo lote atakalofanya, atalifanya akijua. Na kabati la baba yake halitakuwa tena na kitu cha kuficha.