MALAIKA ALIRUDI MARA YA PILI

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Nabii Eliya alichoka na maisha, akaketi chini ya mti akiomba kufa. Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya alikula, akalala tena. Malaika hakusema kwamba kazi yake imekwisha. Alirudi mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu.

Tuna vijana wanaojikata mikono kwa wembe na kuficha makovu chini ya nguo, hata humu kanisani. Wengi wao hawatafuti kufa. Wanatafuta kupunguza maumivu ya moyoni wasiyoweza kuyasema. Lakini hatari ya kujiua ipo, tusiidharau. Wazazi wengine wanampeleka mtoto kwa daktari mara moja; kidonda kikikauka, wanasema amepona. Sivyo. Matibabu haya ni mazungumzo ya juma kwa juma, pengine pamoja na dawa. Kidonda cha ndani hakikauki upesi kama cha ngozi.

Tumefundishwa Upendo, Amri na Kazi. Basi tuvitende.

UPENDO: Mwulize mtoto kwa upole. Kumwuliza kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo. Usimpige, wala usimtaje mbele ya mkutano. Mwache aseme na daktari peke yake. Akikosa siku moja, usimgombeze, mrudishe.

AMRI: Amri inayokataza kuua inatuamuru pia kulinda uhai. Weka mbali nyembe, dawa na sumu ya panya.

KAZI: Familia ikikosa nauli, parokia isaidie. Mama au baba mmoja wa kanisa amsindikize kijana kila mara. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu.

Wengine wanasema kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Hezekia alipougua, aliomba na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Sala na dawa hazigombani. Kwa hiyo mtu yeyote asimwambie kijana atupe vidonge kwa kuwa ameombewa. Tumwombee, na kesho yake tumpeleke.

Ndugu, ulimsindikiza mara ya kwanza? Asante. Rudi mara ya pili, na ya kumi. Amina.

Shemasi wenu