Fidia si Sadaka

Mfanyakazi akiungua mkono kiwandani, na mwenye kiwanda akampa fedha, je, amempa nini? Ametoa sadaka au amelipa deni? Watu wengi hulijibu swali hili pasipo kufikiri. Husema, "Kampuni imemsaidia." Jamaa za majeruhi huenda kutoa shukrani, na pengine mwenye kiwanda hupigwa picha akikabidhi bahasha. Twaona kwamba katika neno hilo moja, "imemsaidia," limejificha kosa kubwa, na leo twataka kulichunguza pamoja na wasomaji wetu.

Twaandika kutoka Songea, mahali pasipo na kisima cha mafuta wala kiwanda cha kuyasafisha. Lakini vijana wetu hawakai Songea wote. Barabara ya Tunduru na Masasi huwafikisha Mtwara, ilipo mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba. Kilwa iko Songosongo. Kigamboni yako matangi ya mafuta, mahali pale pale palipofunguliwa kiwanda cha TIPER mwaka 1966, ambacho kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa karne ya 20 na sasa ni ghala tu. Na kule Tanga, Chongoleani, ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mwendo wa kilometa 1,443. Kazi hizi zina mishahara ya kutamanika, nazo zina moto, mvuke na hewa yenye sumu.

Katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo hukumu ambayo wengi huipita upesi. Watu wawili wamegombana, mmoja amempiga mwenzake, naye amelala kitandani siku nyingi; kisha akainuka, akatembea kwa mkongojo. Aliyempiga hauawi, ila hana budi kulipa mambo mawili: siku ambazo mwenzake hakufanya kazi, na gharama ya kumponya kabisa. Hapatajwi huruma hata kidogo. Ni deni, kama deni la ng'ombe au la shamba.

Tatizo lilikuja pamoja na mashine. Bomba likipasuka usiku na kumchoma mtu, nani amempiga? Mwenye kiwanda alikuwa amelala nyumbani kwake. Msimamizi atasema alifuata kanuni. Zamani sheria za Ulaya zilimtaka majeruhi athibitishe kosa la tajiri wake. Na mtu maskini, mwenye mkono mmoja, asiye na wakili, aliwezaje kuthibitisha kosa la mtu mkubwa? Wajerumani waliuvunja ukuta huo mwaka 1884, Waingereza mwaka 1897. Walikata shauri kwamba hapana haja ya kutafuta mkosaji: kazi yenyewe ndiyo iliyoumiza, na yeye apataye faida ya kazi sharti achukue na hasara yake, sawasawa kama anavyolipia mtambo ulioharibika. Kwetu Tanganyika sheria ya namna hiyo ilitungwa mwaka 1949.

Lakini sheria yaweza kuishi hali malipo yake yamekwisha kufa. Ile ya zamani iliweka kikomo cha shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na shilingi 83,000 kwa jamaa za aliyekufa. Fedha ya nchi ikazidi kushuka thamani, na kikomo kikabaki pale pale, hata siku zikafika ambapo bei ya mtu haikutosha kununua jeneza jema. (Tena tazameni: marehemu alikuwa rahisi kuliko kilema.) Ndipo ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Mwajiri huchangia; mfanyakazi hakatwi hata senti. Tangu mwaka 2022 mchango wa mwajiri binafsi ni nusu ya asilimia moja ya mishahara, yaani shilingi tano katika kila shilingi elfu. Aliyeumia hutibiwa, akiwa hawezi kazi kwa muda hupewa asilimia 70 ya mshahara wake, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mjane na watoto nao hawakusahauliwa. Twaisifu sheria hii kwa moyo wote.

Hata hivyo wako watu, tena wasomi, wasemao hivi: "Kijana yule aliijua hatari. Alikubali kwa hiari yake, na mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mwalimu. Basi amekwisha kulipwa." Hoja hii yafaa ijibiwe kwa makini, maana ina sura ya haki. Kwanza, hiari ya mtu mwenye wadogo watano wa kusomesha si hiari kamili. Papa Leo XIII aliliona jambo hilo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum: mapatano yaliyokubaliwa kwa kusukumwa na shida hayageuki kuwa ya haki kwa kuwa tu yamekubaliwa. Pili, hata kama angekubali kwa furaha, mtu hauzi macho yake. Huuza nguvu za siku yake. Mwili wenyewe hakuuumba, amekabidhiwa tu, na mkataba hauwezi kuhamisha kitu ambacho mwenye kuuandika hakimiliki. Mshahara ni malipo ya kazi iliyofanyika, na jicho lililopotea halikuwa sehemu ya kazi ile.

Hapo twagusa jambo gumu zaidi. Ikiwa jicho haliuziki, mbona sheria yalipiga bei? Sheria ina jedwali: kidole hiki asilimia kadhaa, mguu ule kadhaa. Kidole cha karani na kidole cha fundi wa kuchomelea vyuma vyahesabiwa sawa, ingawa mmoja atarudi mezani kesho kutwa na mwingine amepoteza ufundi wake wote. Nasi twauliza kuna nini kati ya asilimia 30 na 31, hata huyu apewe fungu moja na kuagwa, na yule alipwe maisha yake yote. Hatudhani kwamba watunga sheria walikuwa na moyo mbaya. Pasipo kipimo kila majeruhi angepewa kwa kadiri ya anavyojuana na wakubwa. Bali jedwali hupima kile kinachopimika, na mwajiri aliyelipa kwa jedwali asijidanganye kwamba hadaiwi tena. Anadaiwa kumtafutia mtu huyo kazi anayoiweza. Anadaiwa kumwendea nyumbani. Zaidi ya yote anadaiwa kuziba penye hatari kabla mwingine hajaumia, kama Kumbukumbu la Torati lilivyomwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta ukingoni mwa dari, mtu asije akaanguka.

Yuko pia mtu ambaye jedwali halimfikii kabisa, naye ni kibarua wa mkandarasi. Tarehe 23 Machi 2005, huko Texas City, Marekani, kiwanda cha mafuta cha BP kililipuka, wakafa watu 15. Wote 15 walikuwa watu wa wakandarasi. Hapakuwa na hata mmoja aliyeandikwa katika daftari la mwenye kiwanda. Ndivyo ilivyo katika kazi hizi duniani kote: kuosha matangi, kubadilisha mabomba, kukwangua kutu, mara nyingi hupewa walioletwa kwa wiki mbili. Sheria yetu haikumtenga kibarua. Lakini kama mkandarasi hakuandika jina lake mahali popote, siku ya ajali atakuwa mpita njia.

Na ajali ina nafuu moja: huonekana. Ugonjwa wa kazini hauonekani. Katika mafuta ghafi imo benzeni, ambayo mtu akiivuta muda mrefu yaweza kumletea saratani ya damu baada ya miaka mingi. Asbesto, iliyofunika mabomba ya mitambo mingi ya zama zilizopita, hungoja miaka 20 hata 40 kabla ya kuonyesha madhara yake mapafuni. Iko na gesi ya salfa inukayo kama yai viza, nayo ikizidi huua kwanza uwezo wa kunusa, hata mtu akadhani hatari imekwisha, kumbe ndiyo imefika.

Wazee wa Ungoni na Umatengo wanajua habari ya manamba waliochukuliwa kwenda mashamba ya mkonge: muda ulipokwisha walirudishwa nyumbani, na kikohozi walichorudi nacho kiliitwa kikohozi cha uzee. Hatupendi jambo hilo lijirudie kwa wajukuu wao. Kijana aliyeosha matangi leo atakuwa mkulima wa mahindi Namtumbo au wa kahawa Mbinga ugonjwa utakapomshika. Mkandarasi wake huenda amekwisha kufunga ofisi. Daktari atakayempima hatawaza benzeni, maana mbele yake ameketi mkulima. Nayo sheria huhesabu muda: taarifa isipofika kwa Mfuko katika miezi 12, haki yaweza kupotea.

Kwa hiyo twawasihi wazazi ambao watoto wao wamo katika kazi hizi: nakala ya mkataba na karatasi za mshahara zisikae katika begi la kijana, zitumwe nyumbani na kuhifadhiwa pamoja na cheti cha ubatizo. Asiye na mkataba aandike katika daftari jina la mkandarasi, la kiwanda, na tarehe alizofanya kazi. Tena mgonjwa yeyote aliyepata kufanya kazi katika mafuta au gesi, hata kama ni miaka kumi na mitano iliyopita, amwambie daktari jambo hilo kabla hajaulizwa.