Kilele na Mwenzi

Methali yasema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hakuna aliyeikana, na pengine ndiyo sababu wachache huichunguza. Methali hii huupima urafiki siku ile dhiki inapofika. Haisemi neno juu ya siku zilizoitangulia, wakati watu wawili wazima wa afya huketi pamoja na kupanga safari. Walakini mengi ya wema na ubaya wa wenzi hupandwa katika siku hizo. Swali linalostahili kufikiriwa ni hili: watu wawili wakikubaliana kupanda mlima, na mmoja akashindwa njiani, je, mwenye nguvu hudaiwa kurudi naye, au anayo haki ya kukiendea kilele walichokikusudia wote wawili?

Swali hili haliko mbali na Ifakara. Mji huo umekaa katika bonde la Kilombero, nchi tambarare ya mpunga, na upande wa kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Kilele chake kirefu, Luhombero, kina mita 2,576, nacho kimo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Huko hakuna theluji. Lakini kuna kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati masika yamekwisha, njia zimekauka, na usiku wa mlimani huleta baridi ambayo mtu wa bondeni hana nguo yake. Ndiyo majira ya kupanda. Safari huchukua siku tano au sita, na haifanywi bila ya kiongozi na askari wa hifadhi, kwa kuwa msitu una tembo na nyati.

Na wafikiriwe vijana wawili wa Ifakara. Mmoja ni mkulima wa mpunga, ambaye miguu yake imezoea matope na mizigo; wa pili ni karani, ambaye kazi yake ni kiti na kalamu. Jioni za masika, mvua inapowafunga barazani, huhesabu unga, maharage, mablanketi, nauli na ada. Hata kiberiti hawakisahau. Jambo moja tu hawalitaji: itakuwaje mmoja akishindwa? Mkulima hunyamaza asije akadhaniwa kuwa amdharau mwenzake. Karani hunyamaza asije akadhaniwa kuwa mwoga. Kwa hiyo huondoka na ahadi yenye tundu katikati.

Siku ya tatu karani anateguka goti, na kilele kingali mbali kwa mwendo wa siku moja. Mkulima anazo hoja. Ada ameilipa kwa jasho la msimu mzima. Goti la mwenzake halitapona kwa yeye kukikosa kilele. Na furaha ya mmoja ni afadhali kuliko majuto ya wawili. Hoja hizi si za mtu mwovu, wala si za mtu mjinga. Kosa lake ni kuwa zakifanya kilele mali ya mtu mmoja mmoja, hali tangu barazani kilikuwa mali ya shirika. Tena askari ni mmoja na bunduki ni moja. Akimfuata mzima, mgonjwa hubaki bila ya kinga. Akibaki na mgonjwa, mzima huenda bila ya kinga. Hapana hatua ya mmoja isiyomgusa mwingine.

Kinachowasukuma wengi mbele katika saa kama hiyo ni haya, maana kurudi huitwa kushindwa. Historia ya milima ya Afrika Mashariki haikubali. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu Kilimanjaro mwaka 1887 akarudi bila ya kufika. Alikuja tena mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walifika kwenye ukingo wa shimo la Kibo, wakaona kuwa kilele chenyewe kiko upande wa kusini, na kwamba nguvu na saa zilizosalia hazitoshi. Wakashuka. Tarehe 6 Oktoba walipanda tena, wakafika. Kama wangaliona haya kushuka tarehe 3, huenda tarehe 6 isingalikuwako.

Lakini je, kutomwacha mwenzi maana yake ni kukaa ubavuni pake daima? Mwezi wa Septemba mwaka 1970 madaktari wawili wa Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wakishuka kutoka Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya. Jiwe lilimponyoka Judmaier, akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz alimwacha juu ya mwamba, akashuka peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kwenda kukaa naye. Aliondoka ili arudi. Basi khiana haipimwi kwa umbali wa miguu, bali kwa nia ya hatua: mtu huenda kwa ajili ya nani? Judmaier aliokolewa baada ya siku nyingi za mateso. Lakini rubani wa helikopta aliyekuja kumsaidia, Jim Hastings, alianguka na chombo chake akafa. Kwa hiyo ahadi ya wawili si ya wawili tu. Deni lake huweza kulipwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwapo barazani ilipofungwa.

Atatokea mwenye kuuliza: kama mzima hudaiwa kurudi, je, dhaifu hakufanywa bwana wa mwenye nguvu? Angalikuwa bwana kama deni lingalikuwa la upande mmoja. Dhaifu naye hudaiwa ukweli, na huudaiwa mapema. Mvuvi wa mto Kilombero aingiaye mtumbwini na mwenzake, akaficha kuwa mkono wake wauma, amemdanganya kwa kunyamaza. Kiboko akizuka, kafi iliyo katika mkono huo huwa hatari ya wote wawili. Hali kadhalika karani aliyejua kuwa goti lake si zima, akalificha kwa kupenda sifa, hana haki ya kulalamika kwamba mwenzake amenuna njia nzima. Mwenzake atarudi naye, kwa kuwa uhai hautozwi faini ya uongo. Lakini lawama ya kilele kilichokosekana ni ya karani.

Wajibu wa mwenye nguvu, basi, ni kurudi. Wajibu wa dhaifu ni kusema. Na wajibu wa wote wawili ni kuyatamka hayo barazani, kabla ya unga kupimwa, wakati hakuna anayeumwa na hakuna anayekiona kilele. Neno linaloonewa haya bondeni ni jepesi. Likingojewa mpaka mlimani, huwa zito kuliko mzigo wote. Wenzi waliokwisha kuliambiana wanaweza kulikosa Luhombero mwaka huu na kupanga tena kipupwe kijacho. Wasioambiana huenda wakalipata, na wasipate mtu wa kupanga naye safari nyingine.