Damu Itaulizwa kwa Aliyeuza

Ndugu zangu wa Bihambwe, wa Rubaya, wa Masisi na Walikale yote! Sisi tunaofuga ng'ombe tunaielewa vizuri hukumu ya Musa katika Kutoka sura ya 21: fahali aliyezoea kupiga pembe akiua mtu, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumfunga, hatia humpata fahali na mwenyewe pia.

Wewe unayeuza bunduki, umekwisha kuonywa! Tangu Machi 1993, damu ilipomwagika sokoni Ntoto kule Walikale, vilima hivi havijaacha kuzika watu. Makaburi yamekuonya. Kambi za wakimbizi zimekuonya. Kadogo, mtoto aliyebebeshwa bunduki ndefu kuliko miguu yake amekuonya. Utasema hukujua?

Masisi haina kiwanda cha bunduki. Zote zimeletwa: nyingine ziligawiwa, nyingine ziliporwa vitani, nyingine ziliuzwa na mtu aliyehesabu dola bila kumtazama mnunuzi usoni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba silaha na masasi ya vikundi vya waasi hutoka pia katika maghala ya jeshi. Mwaka 2024 waliandika kwamba ushuru wa koltani ya Rubaya uliwaletea waasi wa M23 kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi. Fedha ipo, kwa hiyo mnunuzi hatakosekana. Ndiyo sababu swali lazima litoke kwa muuzaji: Wewe ni nani? Unaitakia nini? Kesho itakuwa mikononi mwa nani?

Wanadamu wenyewe wamekwisha kuandika sheria hii. Nchini Kenya, mwenye duka la silaha haruhusiwi kumwuzia raia asiye na cheti. Mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 unakataza kabisa kuvipa silaha vikundi visivyo vya serikali. Na tangu Julai 2003, Baraza la Usalama limepiga marufuku kuvipelekea silaha vikundi vya Kivu. Karatasi hizi zote ni bure kama dhamiri ya muuzaji imelala.

Unajitetea: nisipomwuzia mimi, atanunua kwa mwingine. Basi na aende kwa huyo mwingine! Siku ya hukumu hutaulizwa mwingine aliuza nini, utaulizwa wewe. Unasema: anataka kujilinda. Wangapi walisema hivyo? Leo analinda shamba la baba yake, kesho amesimamisha kizuizi njiani na kumtoza mama anayerudi kutoka sokoni, keshokutwa anachoma kijiji cha jirani. Kaini naye alijifanya hajui ndugu yake yuko wapi, na Mungu hakulikubali jibu lile.

Askari, masasi uliyopewa ulinde raia si mali yako. Usiyauze hata kama mshahara umechelewa. Dereva, usifiche bunduki chini ya magunia ya maharagwe. Tajiri wa mjini, na wewe mwenye kiwanda ng'ambo ya bahari, usitie sahihi kabla hujajua mzigo unashukia wapi. Usiyemjua, usimwuzie. Unayemjua kuwa mwuaji, usimwuzie hata akikuletea gunia zima la koltani.

Tubuni leo, kabla ya maziko mengine. Anayeuza bila kuuliza ameua pamoja na aliyefyatua.