Injinia Aliyekaa Hemani

Neno kuu: Waebrania 11:8-10



Jumapili iliyopita tulikusanyika hapa Gashonga kumkumbuka mzee wetu ambaye wengi tulimwita Injinia tu. Familia yake imeomba jina lake lisichapwe, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Ninyi mliokaa naye mnamjua.

Baada ya ibada, kijana wake mmoja aliniuliza: "Mchungaji, baba alijenga maisha yake yote. Mbona Mungu amemwacha afe chini ya turubai?" Swali hili si lake peke yake. Ni la kila baba aliyeacha nyumba ya matofali na kila mama aliyeacha shamba likiwa karibu kuvunwa. Tulisikilize Neno.

Ibrahimu aliitwa, akaondoka, wala hakujua mwisho wa safari. Aliishi ugenini kwenye mahema. Mwanawe na mjukuu wake nao vilevile. Lakini moyo wake uliutazamia mji ambao fundi wake ni Mungu mwenyewe. Angalieni, wapendwa: hema halikuwa dalili kwamba Mungu amemkasirikia Ibrahimu. Hema halikuwa adhabu. Na ndani ya mahema hayo ndimo Isaka na Yakobo walimojifunza imani.

Mzee wetu alikuwa amestaafu kazi ya umeme alipokimbia. Mto Ruzizi aliujua vizuri, jinsi maji yake yanavyotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, na njiani yanazungusha mitambo inayowasha taa za nchi zaidi ya moja. Siku aliyouvuka alikuwa na mke wake, wajukuu, Biblia, na mpira mwembamba wa kupimia usawa wa maji. Nyumba ilibaki. Pensheni hakuiona tena. Sitasema hakulia. Alilia, na katika maombi alimwambia Mungu waziwazi yaliyomuumiza.

Mnakumbuka masika yetu ya kwanza. Kila familia ilichimba mfereji kuzunguka hema lake na kuyasukuma maji kwa jirani wa chini. Tuligombana, sisi tulioimba pamoja asubuhi! Mzee akaja na jembe na mpira wake, akatufundisha mambo mawili. La kwanza: mfereji huanzwa chini, pale maji yatakapotokea, si juu mlangoni pako. La pili: mteremko uwe wa kiasi. Maji yakikimbia mno hula udongo. Yakilala huacha tope. Basi tukachimba mfereji mmoja wa wote, na mahema ya chini yakapona.

Wapendwa, uchungu wetu ni kama mvua ile. Baba huusukuma kwa mama, mama kwa mtoto mkubwa, naye kwa mdogo wake. Mwisho unamfikia aliye chini kabisa, asiye na pa kuusukumia. Je, nyumbani kwako ni nani huyo?

Mzee alianza chini hata katika familia yake. Jioni, kabla ya sala, alimuuliza kwanza mjukuu mdogo kuliko wote: "Leo nini kimekuumiza?" Wote walisema kwa zamu. Yeye alisema mwisho. Kisha wakaomba.

Hakuwa injinia wa kwanza kuondolewa mahali pake. Alexander Mackay, injinia kutoka Uskoti, alifika Buganda mwaka 1878 kuhubiri Injili. Mwaka 1887, wakati wa Kabaka Mwanga, alilazimika kuondoka. Akaenda Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hakukunja mikono. Aliendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiganda na kufundisha, mpaka homa ilipomchukua mwezi Februari 1890. Alifia ugenini, lakini Neno alilolitafsiri halikukaa ugenini. Lilirudi Buganda, likasomwa.

Kijana wangu, nakujibu hivi: baba yako hakuachwa. Alifia chini ya turubai, ndiyo, na si vema kusema turubai ni nyumba. Lakini alikufa mke wake akimshika mkono, wajukuu wakiomba kwa maneno yao wenyewe. Hiyo ndiyo nyumba aliyoijenga huku, na hakuna vita vitakavyoivunja. Ule mji mwingine, Fundi wake yuko kazini.

Sasa masika yanakaribia tena, na mfereji wa wote umejaa tope upande wa chini. Mzee hayupo kutuita. Jumamosi, saa moja asubuhi, kila familia ilete jembe moja, na wale waliogombana wasimame karibu karibu. Tutaanza chini.

Mungu awafariji wafiwa na kuzilinda familia zetu zote. Amina.