Ua Linalohitaji Kondoo

Wiki hii nawaachia swali: je, kumpenda mtu ni kumwondolea kila kinachomsumbua?

Kuna ua la mwituni linaloitwa Primula scotica. Duniani kote linaota pwani ya kaskazini ya Scotland na visiwa vya Orkney tu. Ni dogo, mara nyingi halifiki sentimita 10, rangi ya zambarau na katikati manjano. Makao yake ni nyasi fupi karibu na bahari, penye upepo mkali na chumvi.

Sasa mtu akiona ua adimu hivyo, wazo la kwanza ni kulizungushia seng'enge, kondoo wasilifikie. Kumbe mifugo wakifukuzwa, nyasi zinarefuka, zinaliziba jua, na linapotea. Kondoo na ng'ombe wanaokula nyasi hizo miezi ya baridi ndio wanaolipa nafasi ya kuishi.

Lakini tusikimbilie kusema taabu yote ni baraka. Kondoo hao hao wakizidi msimu wa maua, wanayala kabla mbegu hazijakomaa. Na trekta ikilima pale, hakuna cha kujadili. Primula imeisha.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba hatari nyingine unaibeba, nyingine unaikwepa, na kazi kubwa ni kuzitofautisha. Hata kanisani ni hivyo.

Kijana wa miaka 28, mzima na ana kazi, lakini mamake ndiye humlipia kodi ya nyumba kila mwezi. Huyo amezungushiwa seng'enge. Mama anaona ni upendo, lakini nyasi zinamfunika mtoto. Mama, mwache abanwe kidogo, atajifunza.

Lakini dada anayepigwa nyumbani akija kwetu, nasi tukamwambia, "Vumilia tu, Mungu anakukuza," hapo tumeiita trekta kondoo. Huyo hahitaji mahubiri ya uvumilivu. Anahitaji mahali salama pa kulala, leo, na mtu wa kumsindikiza polisi.

Tutajuaje tofauti? Kondoo anakata majani, mizizi inabaki. Jembe linang'oa mizizi. Kwa hiyo kabla hujamwombea mtu aondolewe mzigo, na kabla hujamwambia avumilie, keti naye kwanza, umsikilize. Uliza kinachoguswa ni majani au ni mizizi.